Siku Kumi za Pwani ya Puglia kwa Treni: Mwongozo Kamili wa Kusafiri kwa Kufuata Upepo

Asubuhi ile Otranto, mji wa pwani ya mashariki ya Puglia, kusini mwa Italia, bahari ilikuwa imechafuka. Mawimbi yalipanda juu ya miamba niliyokuwa nimepanga kuogelea. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu gatini alinitazama, akatazama taulo langu begani, akanyoosha mkono kaskazini na kusema neno moja: "Tramontana," yaani upepo wa kaskazini. Kisha akaugeuza mkono kuelekea magharibi: "Gallipoli." Nikapanda treni, nikabadilisha njiani, na alasiri ile ile nilikuwa ndani ya maji yaliyotulia kama ya kisimani, kilomita hamsini hivi kutoka pale nilipoamka.

Mimi ni mtu wa Malindi. Nimekua nikisikia Kiitaliano sokoni na ufukweni, na nimekua nikijua kwamba kaskazi na kusi ndizo zinazoamua nani aende baharini na nani akae barazani. Hata hivyo, safari yangu ya kwanza ya Italia ya kusini niliipanga kwa orodha ya miji, kila siku na mji wake, kana kwamba bahari ya huko haina upepo. Mwongozo huu unaeleza namna ninavyoipanga sasa: mkoa mmoja tu, Puglia, ule wa kisigino cha Italia, vituo vitatu vya kulala, na ratiba ya ufukweni inayoamuliwa kila asubuhi.

Anza na mwezi

Ukiweza kuchagua, nenda kati ya tarehe 10 na 30 Juni, au wiki tatu za mwanzo za Septemba. Juni mchana ni mrefu, jua linazama baada ya saa mbili usiku, na vyumba bado vina bei ya kistaarabu. Septemba bahari ina joto kuliko Juni, kwa sababu maji yamepikwa na jua miezi mitatu mizima.

Agosti ndio mwezi ambao Waitaliano wenyewe wanakwenda likizo. Kilele chake ni tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto. Vyumba hujaa, bei hupanda, treni huwa za kusimama, na Gallipoli hugeuka mji wa vijana wa disko mpaka alfajiri. Kama shule za watoto zinakulazimisha kwenda Agosti, nenda baada ya tarehe 20 na uweke chumba mapema. Julai na Agosti joto huvuka nyuzi 35 mara nyingi, na mara nyingine ni joto kavu ambalo sisi wa pwani hatulizoei. Halikutoi jasho la kukuonya, kwa hiyo unajikuta umekaukiwa kabla hujahisi kiu.

Visa na ndege

Ukiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, utahitaji visa ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja. Inaruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajatimiza 12, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 za matibabu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Kwa safari ya Juni mimi hutafuta miadi mwezi wa Februari, maana ikifika Aprili kila mtu anaitafuta.

Karatasi zinazobeba uzito zaidi ni zile zinazoonyesha kwamba una cha kukurudisha nyumbani: barua ya likizo kutoka kwa mwajiri au cheti cha biashara, taarifa ya benki ya miezi kadhaa inayoonyesha pesa zikiingia na kutoka kwa mtiririko wa kawaida, na ratiba ya safari inayolingana na vyumba ulivyoweka. Pesa nyingi zilizoingia ghafla wiki moja kabla ya maombi huzua maswali. Weka vyumba vinavyoweza kufutwa bila kulipa.

Wenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen hawahitaji visa hiyo, lakini wabebe kibali na pasipoti pamoja.

Kwa ndege, kupitia Istanbul unaweza kushuka Bari kwenyewe, mji mkuu wa Puglia. Kupitia Addis Ababa utashuka Roma, halafu treni ya kasi ikufikishe Bari kwa muda wa kama saa nne. Tiketi za treni za kasi hupanda bei kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo tiketi hiyo inunue mapema.

Vituo vitatu vya kulala

Kwa siku kumi, yaani usiku tisa, mimi hugawa hivi: usiku mbili Bari, tatu Monopoli, nne Lecce. Lecce haiko ufukweni, na hapo ndipo wengi hunibishia. Lakini Lecce iko katikati ya rasi ya Salento, yenye bahari ya Adria upande wa mashariki na bahari ya Ionia upande wa magharibi. Ukilala hapo, kila asubuhi una bahari mbili za kuchagua. Ukilala Otranto au Gallipoli umejifunga na moja.

Chumba kizuri cha watu wawili katika nyumba ya kulala wageni, wanayoiita B&B, kitegemee kati ya euro 80 na 130 mwezi wa Juni. Juu yake kuna kodi ya utalii, euro chache kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi wanataka taslimu. Mwenye nyumba ataomba pasipoti ili akuandikishe polisi. Usishtuke, ni sheria kwa kila mgeni, na kwako ni ushahidi kwamba ulikuwepo kihalali.

Kuhusu gari: la kukodi linakupa uhuru, lakini miji ya kale imezungukwa na maeneo yaliyofungwa kwa magari ya wageni, yenye alama ya ZTL na kamera, na faini hukufuata mpaka nyumbani. Utahitaji pia leseni ya kimataifa pamoja na ya kwenu. Mimi ni mtu wa treni, na mwongozo huu ni wa treni.

Treni bila faini

Kuna aina mbili za treni za kujua. Za kasi zina kiti chenye namba na bei inayobadilika. Zile za mkoa, regionale, zina bei moja siku zote. Bari hadi Polignano ni kama euro 3, na Bari hadi Lecce ni chini ya 15. Hizo nunua siku ile ile.

Kosa linalowagharimu wageni ni hili. Tiketi ya karatasi ya regionale lazima uipige muhuri kwenye kimashine kidogo kilichofungwa ukutani au jukwaani kabla ya kupanda. Iingize, subiri mlio, kisha tazama kama tarehe na saa vimechapwa. Kama umenunua kwa simu, fungua tiketi na uithibitishe kabla ya kupanda. Kondakta akikukuta hujafanya hivyo, maelezo hayasaidii.

Kusini ya Lecce njia ni za kampuni nyingine, Ferrovie del Sud Est. Treni zake ni ndogo na za polepole. Kwenda Otranto mara nyingi utabadilisha Zollino au Maglie. Jumapili na sikukuu huduma hupungua sana na baadhi ya njia huendeshwa kwa mabasi, basi Jumapili ipangie kupumzika Lecce. Majira ya joto kuna pia mabasi ya Salentoinbus yanayofika vijiji vya ufukweni ambavyo treni haivifikii. Kila unaposhuka mahali, piga picha ya ratiba ya kurudi, hasa treni ya mwisho.

Bari: amka mapema

Kutoka uwanja wa ndege treni hukufikisha kituo kikuu kwa muda wa robo saa hadi dakika ishirini, kama euro 5. Wengi huipita Bari wakikimbilia Polignano, nami nasema wanakosea.

Siku ya kwanza amka saa kumi na mbili unusu, ushuke gati la San Nicola, mahali ambapo wavuvi hushusha samaki. Utamkuta mvuvi ameshika pweza kwa kichwa, anampiga juu ya jiwe, pa, pa, pa, kwa mkono uliozoea. Kisha anamtia katika beseni lenye maji kidogo na kumzungusha kwa viganja, kama anayefua nguo laini, mpaka povu litoke na ncha za mikono ya pweza zianze kujikunja zenyewe. Wenyewe wanasema pweza "amejikunja nywele". Wanamla mbichi pale pale. Nilisimama nikimkumbuka bibi yangu na rungu lake juu ya mwamba, maji yakiwa yamepwa, naye akinieleza kwamba pweza asiyepigwa halainiki. Bibi alimchemsha kwa nazi. Sidhani angekubali wa mbichi.

Kutoka hapo ingia mji wa kale, Bari Vecchia. Katika kichochoro cha Arco Basso wanawake hukaa mlangoni kama sisi barazani, meza mbele yao, wakitengeneza orecchiette, tambi zenye umbo la sikio dogo. Kisu kinaburuta kipande cha unga juu ya ubao, kidole gumba kinakigeuza, sikio limetoka. Uliza kabla ya kupiga picha, na nunua hata kifuko kidogo.

Karibu yake ni kanisa la Mtakatifu Nikolasi, ambaye mabaki yake yaliletwa na mabaharia wa Bari kutoka Myra, Uturuki ya leo, mwaka 1087. Waorthodoksi wanakuja kuhiji hapo pamoja na Wakatoliki.

Monopoli, si Polignano

Polignano a Mare ndiyo picha inayouza Puglia: nyumba juu ya jabali, na chini yake ufukwe mwembamba wa kokoto, Lama Monachile, uliobanwa kati ya kuta mbili za mwamba. Ni pazuri kweli. Lakini saa nne asubuhi huwezi kupata pa kuweka kiatu. Kwa hiyo lala Monopoli, mji wa treni inayofuata, ambako maisha ni ya wenyeji zaidi na bandari ya kale imejaa mitumbwi ya buluu na nyekundu. Chukua treni ya alfajiri, uwe ndani ya maji ya Polignano saa moja, utoke saa tatu, unywe kahawa, urudi. Jioni oga Cala Porta Vecchia, ufukwe mdogo wa mchanga chini ya ukuta wa mji wa Monopoli.

Hapa niwaambie watu wa pwani ya Afrika Mashariki jambo litakalowashangaza: bahari hii haipwi. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na mtu hupanga siku yake kwa hesabu ya maji. Puglia tofauti haifiki hata nusu mita. Utaogelea saa yoyote. Lakini pia hakuna ule mwambao mpana wa kutembea. Sehemu nyingi unashuka kutoka juu ya mwamba, mara nyingine kwa ngazi ya chuma, na hatua ya kwanza tu ni kina. Nunua viatu vya mpira vya majini kabla hujasafiri, na asiyejua kuogelea asidanganywe na maji kuonekana meupe hadi chini.

Siku moja ya Monopoli itumie Ostuni, mji uliopakwa chokaa juu ya kilima. Stesheni iko mbali na mji, kilomita tatu hivi, kwa hiyo ngojea basi, usipande kwa miguu mchana. Alberobello na nyumba zake za paa la mawe yaliyopangwa bila udongo, zilizoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996, si ya pwani na ni rahisi zaidi kuifikia kutoka Bari. Kama joto ni kali, iache.

Lecce na sheria ya pepo mbili

Treni ya kushuka Lecce inapita katikati ya mizeituni. Kaskazini ya Brindisi utaona miti minene, iliyojisokota, ya umri wa karne nyingi. Ukiendelea kusini inaanza kubadilika rangi, halafu unaona mashamba mazima yamesimama ya kijivu, matawi makavu kama mifupa. Ni bakteria aitwaye Xylella fastidiosa, aliyegunduliwa karibu na Gallipoli mwaka 2013 na kuenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu. Mamilioni ya miti imekufa. Anayejua mnazi ni nini kwa familia ya pwani atawaelewa wakulima hawa bila kuelezwa.

Ukishafika Lecce, sheria ni hii. Kila asubuhi, kabla ya kununua tiketi yoyote, muulize mwenye nyumba: "Che vento c'è oggi?" Leo kuna upepo gani? Akijibu tramontana, upepo wa kaskazini, bahari ya Adria itakuwa na mawimbi, nawe nenda upande wa Ionia: Gallipoli, Punta della Suina, Porto Cesareo. Akijibu scirocco, ule wa kusini mashariki unaobeba unyevu na wakati mwingine vumbi la Sahara, Ionia itachafuka, nawe nenda upande wa Adria: Otranto, Torre dell'Orso. Tramontana huleta hewa kavu na anga safi. Scirocco hukutia uzito kichwani, hivyo siku hiyo usijipangie mengi.

Mwenye watoto wadogo aelemee upande wa Ionia, ambako kuna mchanga na maji mafupi. Mpenda miamba na maji ya kina aelemee Adria.

Kuna fukwe za bure, spiaggia libera, na za kulipia, lido, ambako mwavuli na vitanda viwili huanzia kama euro 25 na Agosti huweza kupita 50. Ufukwe wa bure unatosha ukifika mapema ukiwa na mwavuli wako.

Tembo wa Otranto

Siku ya scirocco ukiwa Otranto, mji wa mashariki kuliko yote Italia, toka majini mapema na uingie kanisa kuu ukiwa umefunika mabega na magoti. Sakafu nzima ni picha ya vipande vidogo vya mawe ya rangi, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1163 na 1165 chini ya usimamizi wa mtawa Pantaleone. Ni mti mmoja mkubwa unaopanda kutoka mlangoni kuelekea madhabahuni, na katika matawi yake wamo Nuhu na safina, Aleksanda Mkuu, mfalme Arthur, na miezi kumi na miwili kila mmoja na kazi yake ya shamba. Shina la mti huo limebebwa na tembo wawili. Simama pale mwanzoni, inama, uwatazame kwa dakika kumi. Mimi niliyetoka nchi ya tembo sikutegemea kuwakuta wakibeba dunia nzima kanisani, katika mji mdogo wa wavuvi.

Katika kikanisa cha pembeni utaona mafuvu nyuma ya vioo. Ni ya watu wapatao 800 waliouawa mwaka 1480 baada ya jeshi la Waturuki wa Osmania kuuteka mji. Ingia kwa utulivu.

Gallipoli na Leuca

Mji wa kale wa Gallipoli uko juu ya kisiwa kilichounganishwa na bara kwa daraja. Nenda soko la samaki karibu na ngome asubuhi, uangalie kamba wekundu. Chini ya nyumba za mji kuna vinu vya mafuta ya zeituni vilivyochongwa ndani ya mwamba. Karne zilizopita mafuta ya Gallipoli yaliwasha taa za miji ya Ulaya, London ikiwemo.

Treni ya kwenda huko hupita Nardò. Mashambani mwake mwaka 2011 wavunaji kutoka Afrika waligoma dhidi ya mawakala waliowanyonya, na mgomo huo ulichangia Italia kulifanya unyonyaji huo kuwa kosa la jinai. Ufukweni utakutana na ndugu kutoka Senegal wakiuza miwani na vitambaa juani. Wasalimie. Na wewe mwenyewe beba pasipoti ndani ya treni na nakala yake ufukweni, maana mtu mweusi huombwa karatasi mara nyingi kuliko mtalii mwingine, na jibu la haraka humaliza jambo.

Santa Maria di Leuca, ncha ya kisigino chenyewe, ifuate siku moja ukiwa na nguvu: mnara wa taa wa mita 47, na mbele yako bahari mbili zikikutana.

Kula bila kukosea

Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta, euro moja na senti. Ukikaa bei hupanda. Lecce waombe kahawa juu ya barafu yenye maziwa ya lozi. Mgahawani kuna coperto, euro mbili tatu kwa mtu kwa ajili ya meza na mkate, si wizi. Jikoni hufungwa alasiri, na chakula cha jioni hakianzi kabla ya saa moja unusu.

Kwa Waislamu, haya ndiyo ninayoulizwa zaidi. Pasticciotto, kile kitamu cha Lecce chenye krimu ndani, kwa desturi hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza "C'è strutto?" kabla hujaonja. Taralli, vikaki vya mviringo vinavyouzwa kila duka, vina mvinyo mweupe ndani ya unga. "Cavallo" kwenye menyu ni farasi. Uhakika uko kwa samaki, kwa focaccia ya nyanya na zeituni, kwa frisella, mkate mkavu unaochovywa majini na kuwekewa nyanya, na kwa tiella, wali uliookwa pamoja na viazi na kome, ambao utakukumbusha jikoni kwenu. Orecchiette za majani ya cime di rapa ni chakula cha baridi. Juni ziagize kwa nyanya na jibini la cacioricotta.

Kuondoka

Kutoka Lecce, uwanja wa Brindisi uko karibu kuliko Bari, kwa hiyo linganisha bei kabla ya kununua tiketi ya kurudi. Mafuta ya zeituni yanunue ya kopo la bati, si chupa, uyafunge kwa taulo ndani ya mfuko wa nailoni, na uyaweke katika begi la kupakiwa chini, kwa sababu ya mkononi hayatapita ukaguzi.